Gobore, Risasi na Vita vya Mengo

Katika Kiswahili, risasi ni metali laini, na pia ndiyo kitu kinachoua. Waganda walilipokea neno hilo wakasema essasi, kwa sababu bunduki zilifika kwao na wafanyabiashara wa pwani, kupitia Unguja.

Nyingi zilikuwa gobore kuukuu, zilizoachwa na majeshi ya Ulaya. Mpigaji hushindilia baruti, hutia risasi, hupiga mara moja, kisha huanza upya. Wahunzi wa Buganda walijifunza kuzitengeneza zilipoharibika, na risasi walizisubu wenyewe. Lakini baruti ilingoja misafara.

Tarehe 24 Januari 1892, udhaifu huo ulionekana Mengo. Kapteni Lugard, kutoka ngome yake ya Kampala, aliwagawia Waprotestanti bunduki, na Maxim yake ikamimina risasi mfululizo. Wakatoliki walishindwa, na Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwani.

Vitabu vingi huviita vita vya dini. Mimi naona pia ni vita vya ghala. Wahunzi wetu walikuwa na ufundi, lakini ufunguo wa ghala ulikuwa kwa mgeni, naye ndiye aliyechagua mshindi.