Nyota Uhura: mhusika wa zamani katika Star Trek mpya

Nyota Uhura ni mhusika wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kuonyeshwa na televisheni ya NBC tarehe 8 Septemba 1966. Ni Mwafrika anayezungumza Kiswahili, na kazi yake ni uafisa wa mawasiliano katika chombo cha angani kiitwacho Enterprise. Aliigizwa kwanza na Nichelle Nichols, kisha na Zoe Saldaña katika filamu za 2009, 2013 na 2016. Tangu 2022 anaigizwa na Celia Rose Gooding katika tamthilia ya Star Trek: Strange New Worlds. Kati ya wahusika wa zamani waliorudishwa Star Trek ilipofufuliwa, wengi walirudi na sifa walizokwisha kupewa. Uhura alirudi kupokea alichonyimwa mwanzoni: nyumbani, ukoo na msiba wa kuomboleza.

Chimbuko

Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alilichukua jina la mhusika huyu kutoka neno uhuru. Halikuwa neno geni masikioni mwa watu wa wakati ule. Kongo ilikuwa imejitawala mwaka 1960, Tanganyika 1961 na Kenya 1963. Katika televisheni ya Marekani ya miaka hiyo, mwanamke mweusi aliyepata nafasi ya kuigiza mara nyingi alipewa kazi ya utumishi wa ndani. Uhura aliketi katika chumba cha uongozi wa chombo, akiwa na cheo cha luteni.

Kiswahili kilisikika tangu jioni ya kwanza. Katika sehemu ya “The Man Trap”, kiumbe kinachojigeuza umbo kilimjia Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika “The Changeling”, mashine iliifuta kumbukumbu yake yote. Alipofundishwa upya kusoma Kiingereza na kikamshinda, maneno yaliyomtoka yalikuwa ya Kiswahili.

Hata hivyo nafasi yake ilikuwa finyu. Nichols alisimulia kwamba maneno aliyoandikiwa yalikuwa yakipunguzwa mara kwa mara, hata akakusudia kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Kwa masimulizi yake, aliyembadilisha nia ni mtetezi wa haki za watu weusi, Martin Luther King, aliyemsihi abaki kwa sababu watu weusi walikuwa wakijiona ndani yake. Tamthilia ilimalizika Juni 1969 baada ya sehemu 79. Katika zote hizo mtazamaji hakuwahi kujua wazazi wa Uhura ni akina nani. Hata jina lake la kwanza halikutajwa. Nyota ni jina lililopendekezwa na mwandishi William Rotsler katika kitabu cha 1982, na kwenye skrini lilitamkwa kwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009.

Njia za kuwarudisha wahusika

Star Trek imewarudisha watu wake wa zamani kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kumwita mwigizaji yuleyule akiwa na umri mkubwa zaidi. Tamthilia ya pili, The Next Generation, ilianza mwaka 1987 kwa kumwonyesha Daktari McCoy wa Enterprise ya zamani akiwa mzee sana. Afisa wa sayansi Spock alifuata mwaka 1991, na fundi mitambo Scott mwaka 1992. Filamu ya 1994 ikawaita Kapteni Kirk, Scott na mwongoza chombo Chekov. Uhura hakuandikiwa nafasi katika mapokezi hayo. Baada ya katuni za 1973 na 1974 na filamu sita zilizomalizika mwaka 1991, Nichols aliachwa nje ya mlango ambao wanaume aliofanya nao kazi walifunguliwa. Njia hii hufaulu pale uzee wenyewe unapokuwa sehemu ya hadithi, kama ilivyokuwa mwaka 2023 waigizaji wakuu wa The Next Generation walipokutana tena katika msimu wa tatu wa Star Trek: Picard.

Ya pili ni kubuni mkondo mwingine wa wakati, ambamo mambo yale yale yanaweza kutokea kwa namna nyingine. Filamu za kuanzia 2009 zilifuata njia hii. Saldaña alimwigiza Uhura mwenye kipaji cha lugha na uhusiano wa mapenzi na Spock.

Ya tatu ni kurudi nyuma katika maisha ya mhusika, kabla ya siku watazamaji walipomjua, na kumkabidhi kwa mwigizaji kijana. Ndiyo njia ya Strange New Worlds, iliyoanza tarehe 5 Mei 2022. Ugumu wake ni kwamba mwisho unajulikana: kila mtazamaji anafahamu kuwa Uhura atabaki Enterprise. Kwa hiyo mwandishi hawezi kumtia mtazamaji wasiwasi kwa kuuliza kama atasalimika. Analazimika kueleza kwa nini alibaki.

Uhura wa 2022

Gooding, aliyetoka katika michezo ya kuimba ya jukwaani New York, anamwigiza Uhura akiwa bado kadeti. Katika sehemu ya pili, “Children of the Comet”, akiwa mezani kwa Pike, kapteni wa Enterprise wakati huo, Uhura anaeleza kwamba alikulia Kenya, nchi ya lugha nyingi, na kwamba alijifunza lugha 37 ili azungumze na watu kwa lugha zao wenyewe. Anaeleza pia kwamba wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali ya chombo cha usafiri, akaenda kuishi na bibi yake. Hakujiunga na kikosi cha safari za angani kwa ndoto ya utotoni. Alikuwa akiukimbia msiba.

Waandishi hawakuliacha jambo hilo mezani. Fundi mitambo Hemmer, aliyemhimiza aweke mizizi mahali, anakufa karibu na mwisho wa msimu wa kwanza. Katika “Lost in Translation” ya 2023, Uhura anaanza kusikia sauti na kuona maono ya kutisha ya rafiki huyo. Wengine wanadhani ni ugonjwa. Yeye anagundua kwamba ni viumbe hai wanaoumizwa na mitambo ya kukusanya fueli, na wanaomba msaada kwa njia pekee waliyo nayo. Uafisa wa mawasiliano, uliokuwa kazi ya kupokea simu za kapteni mwaka 1966, hapa ndio unaookoa maisha.

Athari

Kuanzia 1977 Nichols aliifanyia NASA, shirika la anga la Marekani, kampeni ya kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kusafiri angani, mwaka 1992, alimtaja Uhura miongoni mwa waliomtia hamu. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 89, wiki chache baada ya msimu wa kwanza wa Strange New Worlds kumalizika.

Kumrudisha mhusika kwa ajili ya kuwafurahisha waliomkumbuka ni kazi nyepesi, na furaha yake haidumu. Uhura wa Gooding ana uzito kwa sababu waandishi waliuliza enzi ya kwanza ilimnyima nini, wakaanzia hapo. Deni moja limebaki. Kiswahili, kilichosikika siku ya kwanza kabisa ya tamthilia hii, bado hakijapewa kazi ya kudumu katika hadithi za Uhura, ingawa mamilioni ya watu wanakizungumza kutoka pwani ya Kenya hadi milima iliyo magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Waandishi watakaomrudisha tena wana pa kuanzia.