Leseni Unayo, Ila Saa 4 Usiku Uwe Umerudi: Stori ya Sheria Iliyowabana Madereva Wapya

Kuna kipindi New Zealand kijana wa miaka 15 alikuwa akifaulu mtihani wa udereva, basi, kamaliza. Jioni hiyo hiyo anaweza kupakia washkaji, muziki juu, na kuingia barabarani. Kisheria alikuwa sawa na mzee mwenye miaka 20 kwenye usukani.

Tarehe 1 Agosti 1987 hiyo ikaisha. Leseni ikagawanywa hatua tatu: mwanafunzi, leseni yenye masharti, halafu leseni kamili. Aliyekuwa hatua ya pili hakuruhusiwa kuendesha peke yake kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, wala kubeba marafiki, mpaka awepo dereva mzoefu pembeni. Kwa kijana anayetaka kutoka Ijumaa usiku, ni kama kanyang'anywa funguo.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti mmoja mwanamke wa North Carolina, Marekani, alikuwa ameshasema kwamba mtihani haumfanyi mtu dereva. Uzoefu ndio unamfanya, na uzoefu upatikane kwanza mchana, gari likiwa tulivu, kabla ya usiku na kelele za siti ya nyuma. Kwao hawakuwa na haraka. Florida ilianza 1996: wa miaka 16 mwisho saa 5 usiku, wa 17 mwisho saa 7. North Carolina yenyewe ikafuata 1997, miaka kumi baada ya New Zealand.

Je, ilisaidia? New Zealand majeruhi wa ajali wenye miaka 15 hadi 19 walipungua. Sehemu ya sababu ni kwamba vijana waliendesha kidogo zaidi, na wengi waliendelea kubeba washkaji kimyakimya. Hata hivyo nchi haikurudi nyuma. Mwaka 2011 umri wa kuanza ukapandishwa hadi 16, na dereva wa chini ya miaka 20 akakatazwa pombe kabisa.

Vijana wa wakati ule waliona wameonewa, na kweli walinyimwa usiku mwingi wa kula bata. Ila kati yao wapo waliofika miaka 30 kwa sababu usiku mmoja gari lilibaki nyumbani, na hawatajua kamwe ni usiku upi.