Nyumba ndogo kwenye mteremko: namna ya kupata nafasi bila kukata kilima

Hapa Kindu, familia ikiongezeka kwenye nyumba ya mteremko, wengi wanachimba udongo nyuma ya nyumba ili wapate chumba kingine. Hapo njo hatari inaanzia. Udongo uliokatwa wima unaloa mvua ikinyesha, unakuwa mzito, kisha unaangukia ukuta watu wamelala. Wenzetu wa Bukavu, kwa mfano komini ya Kadutu, wanajua misiba ya namna hiyo.

Kuko njia zingine. Kwanza, jikoni itoke ndani, ijengwe pembeni ya nyumba. Chumba kimoja kinabaki wazi. Pili, ukuta wa kati wa matofali unakula nafasi. Pazia ama kabati inaweza kutenganisha vilevile. Lakini fundi aangalie kwanza kama mbao za paa hazikalii ukuta huo. Tatu, jengeni baraza upande wa chini, juu ya msingi wa mawe: meta 2 kwa 5 ni meta 10 za mraba, karibu chumba kizima. Nne, fungueni madirisha yanayotazamana. Chumba chenye giza kinaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Kabla ya yote, chimbeni mtaro juu ya nyumba, maji ya mvua yapitie pembeni. Kazi ifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti. Na maji hayo, msiyaelekeze kwa jirani wa chini: naye iko na watoto ndani.