Mtu ni Afya: Habari Zilivyofika Kijijini Mwaka 1973

Kila Desemba 9 tunapokutana ukumbini, watoto wetu husimuliwa jinsi bendera ilivyopandishwa usiku wa manane na mwenge ukawashwa kileleni Kilimanjaro. Tunachosahau kuwaambia ni kwamba Watanganyika walio wengi hawakuona bendera ile wala mwenge ule. Mwaka 1961 nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 9, waliotawanyika katika eneo linalokaribia mara nne ya Uingereza hii tunayoishi, wakizungumza lugha zaidi ya 100. Televisheni haikuwapo, Bara iliipata mwaka 1994. Magazeti yalichapishwa Dar es Salaam, na hata yalipofika mbali kwa treni au basi, watu wazima wengi hawakujua kusoma.

Ilibaki redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwanzoni ilisikika mjini na kandokando yake tu. Kufikia 1965, ilipoitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa imeshafika mbali sana. Lakini redio nayo ilikuwa na shida zake. Betri zilikuwa ghali, na aliyezinunua ndiye aliyeamua nani asikilize na saa ngapi. Tena redio husema, haiulizwi. Sisi wauguzi tunaijua hali hiyo vizuri: mgonjwa anatikisa kichwa, anasema "ndiyo sista", halafu anarudi nyumbani na vidonge asivyojua avimeze lini. Si kwamba hakusikia. Hakupata nafasi ya kuuliza.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikijaribu jambo ambalo tunaona linastahili kukumbukwa kuliko hotuba nyingi: vikundi vya kusikiliza redio pamoja. Walianza kidogo kidogo, mwaka 1969 kwa Kupanga ni Kuchagua, kisha 1971, uhuru ulipotimiza miaka 10, kwa Wakati wa Furaha. Walipoona vikundi vinakwenda, wakachukua somo lililomgusa kila mtu.

Mtu ni Afya ilifanyika mwaka 1973 kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwanza, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki. Mambo yaliyozungumzwa ni yale yaliyokuwa yakiua vijijini: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu, maji machafu. Kikundi kilikaa pale palipofaa, chini ya mti au darasani watoto wakishatoka. Wakasikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti, kisha redio ikazimwa na watu wakaanza kuongea. Redio ikikwama, kijitabu kilikuwapo. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake, si na mgeni aliyeshuka kwenye Landrover.

Na hapo penye kuongea ndipo kazi ilipokuwa. Chukua choo cha shimo. Kutangaza "chimbeni vyoo" kunachukua nusu dakika. Lakini katika baadhi ya makabila yetu mkwe na mkamwana hawatumii choo kimoja, na tangazo la redio halina jibu kwa hilo. Kikundi kinaweza kulipata: tuchimbe viwili, au tuweke mlango upande wa pili. Mwingine atasema ardhi yao ni ya kichanga, shimo linabomoka. Aliyewahi kuchimba kisima atamweleza namna ya kulizuia. Mkutano ulitakiwa umalizike kwa kukubaliana kazi ya kufanya, nyumba zikasafishwa, madimbwi yakafukiwa, vyoo vikachimbwa kwa maelfu. Sisi tuliozaliwa baadaye, tukasoma shule za msingi miaka ya 1980, tulilikuta jina la kampeni likiwa msemo wa kawaida tu, kama "usafi ni ustaarabu", bila kujua lilitoka wapi.

Ila historia ya mwaka ule ina upande wa pili, na sikukuu haitupi ruhusa ya kuuficha. Novemba 1973, miezi michache tu baada ya kampeni, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Redio ni ileile na lugha ni ileile, lakini safari hii hapakuwa na kuzima redio ili watu waongee. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori na kwa nguvu, na waliohama waliviacha nyuma hata vyoo walivyokuwa wametoka kuvichimba. Nia ya kuwapelekea shule, zahanati na maji hatuibezi. Wengi wetu tulizaliwa katika zahanati hizo. Tunachosema ni kwamba serikali ilikuwa imeshajionyesha yenyewe njia bora ya kusema na watu wake, ikaiacha mwaka uleule.

Tumeandika haya kwa sababu vizuizi vile vimetufuata mpaka hapa. Mawimbi si tatizo tena. Kila mzee ana simu. Lakini wakati wa korona tuliona sauti za kwenye simu, zisizojulikana zimetoka kwa nani, zikiaminiwa kuliko karatasi za wizara. Karatasi zenyewe, hata zikitafsiriwa, husema "shinikizo la damu" kwa mama ambaye maisha yake yote ameiita presha. Na barua ya kliniki ikifika kwa Kiingereza, anaitwa mjukuu wa miaka 13 atafsiri. Tumemwona mtoto wa umri huo akiwa kitandani kwa bibi yake, anatafuta neno la Kiswahili la saratani. Alilijua. Alikuwa anatafuta namna ya kutolisema.

Kwa hiyo wauguzi wa chama tumekubaliana kuazima utaratibu wa 1973, bila redio. Kuanzia mwakani, baada ya kikao cha kila mwezi, tutakaa saa moja na watu wasiozidi 10 kila meza, muuguzi mmoja kila meza, na jambo moja tu kila mara. Tutaanza na presha, kisha sukari. Wazee, njooni na vidonge vyenu kwenye mfuko kama vilivyo, na barua zenu, hata zile ambazo hamjazifungua. Vijana, njooni mkae meza moja na babu na bibi. Za kutafsiri tutatafsiri sisi. Chai na maandazi vitakuwapo.