Panya waliofunua mwanzo wa saratani ya mapafu

Saratani ya mapafu hujificha. Mgonjwa anapoanza kukohoa damu na kukonda, mara nyingi uvimbe umekwisha kusambaa, na hakuna awezaye kurudi nyuma kutazama ulivyoanza. Ndiyo sababu watafiti walimgeukia panya.

Tarehe 12 Aprili 1988, Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Harvard hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya panya aliyepandikizwa jeni ya saratani na Philip Leder na Timothy Stewart. Mabishano kuhusu kumiliki kiumbe hai yalifika hadi Mahakama ya Juu ya Canada, ambayo mwaka 2002 iliikataa hataza hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Kitabibu, panya huyo alikuwa na upungufu mwingine: alizaliwa na jeni hiyo katika chembe zote za mwili, ilhali binadamu kwa kawaida huugua ukubwani, kutokana na hitilafu iliyoanzia katika chembe moja.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 2001. Katika taasisi ya MIT, Tyler Jacks na wenzake waliichukua jeni ya K-ras, ambayo huwa imeharibika katika uvimbe wa wagonjwa wengi, wakaitilia kizuizi. Panya akishakua, hutiwa puani virusi vilivyobeba kimeng'enya cha kukikata kizuizi hicho. Jeni huamka katika chembe chache za mapafu, na saratani huanza siku aliyoichagua mtafiti.

Mwaka huohuo kundi la Harold Varmus lilikwenda mbali zaidi. Panya wao waliopewa doksisaiklini, dawa ya kawaida ya kuua bakteria, walipata uvimbe. Walipoachishwa dawa hiyo, uvimbe ukanywea. Kumbe hata uvimbe uliokomaa bado uliitegemea jeni iliyouanzisha! Pengine hakuna jaribio la panya lililowapa madaktari matumaini makubwa kuliko hilo.

Kwa binadamu, safari ilichukua miaka 20. Protini ya K-ras ni laini mno, na kwa muda mrefu ilidhaniwa haina pa kushikwa na dawa. Sotorasib iliidhinishwa Marekani Mei 2021, tena kwa wenye badiliko liitwalo G12C tu. Panya wa Jacks walibeba G12D. Na kwa wagonjwa wengi uvimbe huanza kukua tena baada ya miezi kadhaa. Panya wale hawakuwahi kuvuta sigara: uvimbe wao una mabadiliko machache ya jeni, ilhali ule wa mvutaji wa miaka mingi huwa na maelfu.