Jinsi ya kupiga picha ya nyotamkia na kuisafisha kwa tarakilishi

NYOTAMKIA ni gimba la barafu, vumbi na mawe linalozunguka Jua katika njia ndefu. Linapokaribia Jua, barafu hiyo hugeuka gesi moja kwa moja bila kuwa maji. Gesi hubeba vumbi na kufanya mkia unaoweza kufikia urefu wa mamilioni ya kilomita.

Tofauti na kimondo, ambacho huwaka na kuzimika kwa sekunde chache, nyotamkia huonekana kwa siku au majuma kadhaa. Hilo huwapa nafasi wanafalaki wa ridhaa, yaani wale wanaotazama nyota kwa mapenzi yao bila mshahara, ya kuipiga picha.

Hata hivyo, nafasi hiyo haiji mara mbili. C/2023 A3 (Tsuchinshan-ATLAS), iliyofika karibu zaidi na Jua Septemba 27, 2024, haitarajiwi kuonekana tena kwa makumi ya maelfu ya miaka, ikiwa itarudi kabisa. Anayetaka picha yake sharti awe amejiandaa kabla ya usiku wenyewe.

Ilikoanzia

Picha ya kwanza inayojulikana ya nyotamkia ilipigwa nchini Uingereza mwaka wa 1858, wakati William Usherwood alipoinasa ile ya Donati. Mnamo 1882, mwanafalaki David Gill aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, alifunga kamera juu ya darubini iliyofuata mwendo wa anga na kupiga picha za nyotamkia kubwa ya mwaka huo. Nyota nyingi mno zilijitokeza katika picha hizo, na Gill akatambua kwamba kamera ingeweza kuchora ramani ya anga nzima.

Siku hizi kazi hiyo haihitaji mitambo ya serikali. Mnamo Machi 2007, Terry Lovejoy, mwanafalaki wa ridhaa wa Australia, aligundua nyotamkia C/2007 E2 kwa kutumia kamera ya kawaida ya dijitali.

Vifaa na mahali

Kinachohitajika ni kamera inayomruhusu mpigapicha kuchagua mwenyewe muda wa kuacha shata wazi, lenzi ya kati ya milimita 50 na 200, na stendi thabiti ya miguu mitatu. Mahali pawe mbali na taa za mji, na upande wa upeo wa macho inakotarajiwa nyotamkia usizibwe na majengo wala miti.

Kwa kuwa Dunia huzunguka, nyota hugeuka mistari katika picha iliyochukua muda mrefu. Wapigapicha wengi hugawanya 500 kwa urefu wa lenzi ili kupata idadi ya sekunde zinazofaa. Lenzi ya milimita 50 hupata sekunde 10, na ya milimita 200 hupata sekunde 2.5. Kanuni hii ni ya kamera zenye kihisio cha milimita 36 kwa 24. Kwa kihisio kidogo zaidi, muda upunguzwe.

Anayetaka muda mrefu hutumia mtambo mdogo unaoizungusha kamera kwa kasi ya anga. Wakazi wa kaskazini mwa Dunia huuelekeza mtambo huo kwenye Nyota ya Kaskazini. Jijini Nairobi, ambako ni takriban nyuzi 1.3 kusini mwa Ikweta, nyota hiyo haionekani. Mhimili wa mtambo hulazwa karibu sambamba na ardhi, ukaelekezwa kwa dira na kusawazishwa kwa pimamaji. Kisha picha ya majaribio hupigwa ili kuhakikisha kuwa nyota zimebaki vitone.

Hata hivyo, Ikweta ina faida yake. Huku Jua huchwa likishuka karibu wima, hivyo giza huingia upesi na nyotamkia iliyo karibu na Jua hupata kuonekana kabla haijazama. Mwishoni mwa Septemba 2024, C/2023 A3 ilikuwa chini upande wa mashariki kabla ya mapambazuko; kufikia katikati ya Oktoba ilikuwa imehamia magharibi baada ya magharibi kuingia. Muda wa kuipiga ulikuwa mfupi katika nyakati zote mbili.

Lenzi hurekebishwa kwa mkono, nyota angavu ikiwa imekuzwa kwenye kioo cha kamera, hadi iwe kitone kidogo kabisa. Picha zihifadhiwe katika faili ghafi, si zile zilizobanwa ambazo hutupa sehemu ya taarifa.

Kabla ya kuondoka, picha nyingine za aina mbili hupigwa. Za kwanza ni za giza, lenzi ikiwa imefunikwa na muda ukiwa uleule. Hizi huonyesha kasoro za kihisio chenyewe. Za pili ni za mwanga sawa, lenzi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Hizi huonyesha vumbi na weusi wa pembeni. Tarakilishi hutumia picha hizo kuziondoa kasoro katika picha za anga.

Kurundika picha

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Picha moja ya sekunde chache huwa na chengachenga nyingi, lakini picha 64 zikiwekwa moja juu ya nyingine na kupigwa wastani, chenga hizo hupungua mara nane. Programu za bure kama vile DeepSkyStacker na Siril hufanya kazi hiyo.

Ugumu ni kwamba nyotamkia hailingani mwendo na nyota. Inayosogea nyuzi 3 kwa siku hupita robo ya upana wa Mwezi kwa saa moja. Picha zikilinganishwa kwa nyota, kichwa chake huwa doa refu. Zikilinganishwa kwa kichwa, nyota huwa mistari.

Suluhisho ni kuzirundika mara mbili. Katika rundo la kichwa, kila nyota huangukia mahali tofauti katika kila picha, kwa hivyo programu ikichagua thamani ya katikati badala ya wastani, nyota hufutika. Rundo hilo huunganishwa na lile la nyota. Picha inayopatikana haikuonekana hivyo kwa dakika yoyote ile, na mtengenezaji muungwana husema wazi jinsi alivyoiunda.

Mpaka wa usafishaji

Hatua ya mwisho ni kuongeza mwangaza wa sehemu hafifu, na hapa ndipo wengi hupotoka. Programu ya kuondoa mwanga wa mji huweza kuudhania mkia kuwa mwanga huo na kuufuta. Sehemu za kupimia weusi wa anga zichaguliwe mbali na mkia.

Rangi nazo zina maana yake. Kijani cha kichwa hutokana na molekuli za kaboni, buluu ya mkia wa gesi hutokana na monoksidi ya kaboni iliyopoteza elektroni, na umanjano wa mkia wa vumbi ni mwanga wa Jua ulioakisiwa. Anayepaka rangi apendavyo hufuta habari hizo.

Habari hizo huwa na thamani. Mnamo Aprili 2020, mwanafalaki wa ridhaa alinasa vipande vitatu hivi vya nyotamkia C/2019 Y4 (ATLAS) iliyokuwa ikivunjika, siku kadhaa kabla ya darubini ya Hubble kuichunguza.

Aidha, mnamo 1984 wataalamu Stephen Larson na Zdenek Sekanina walichapisha uchunguzi wa picha za Halley zilizopigwa mwaka wa 1910, wakiwa wamezichakata kwa tarakilishi. Mbinu yao ilifichua michirizi ya vumbi inayotoka kwenye kiini. Ingali inatumika, ingawa kituo cha kichwa kikikosewa huzua michirizi isiyokuwepo.

Hayo yaliwezekana kwa sababu picha za asili zilitunzwa kwa zaidi ya miaka 70. Kwa hivyo, faili ghafi zisifutwe baada ya picha nzuri kupatikana. Ziandikiwe mahali, lenzi, tarehe na saa za kimataifa: saa kumi na moja alfajiri nchini Kenya ni 02:00 UTC. Programu za kesho huenda zikaona ndani yake kile ambacho za leo hazikioni.