Kutoka Kaloleni hadi Sombetini: Safari ya Darasa Linalouliza

Andalio la somo la mwalimu wa shule ya msingi Sombetini lina safu ya shughuli za mwalimu na, ubavuni mwake, safu ya shughuli za mwanafunzi. Safu hiyo ya pili ina historia ndefu, na sehemu yake nzito ilipita hapahapa Arusha.

Vyuoni, nadharia ya ujenzi wa maarifa hufundishwa kwa kuanza na Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi, wote waliozaliwa 1896: mtoto hujenga maarifa mwenyewe, juu ya yale anayoyajua tayari, akishirikiana na wenzake. Mimi naona tuanzie Kaloleni, kwenye jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio kupitishwa hapo, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule zikuze akili yenye kudadisi na mtu anayejiamini. Shule nyingi zikashika jembe, udadisi ukaachwa.

Thamani ya udadisi huo ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba mkoani Tanga, aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kuhutubia, mwanafizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo hilo maabarani. Mwaka 1969 wakalichapisha pamoja, na wanasayansi wanalibishania hadi leo. Kila mwalimu anayechoshwa na maswali ya darasani angepaswa kukijua kisa hiki.

Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, lilijaza madarasa kuliko walimu waliokuwepo, na kukariri kukashika mizizi. Mtaala unaozingatia umahiri ulifika sekondari mwaka 2005 na shule za msingi 2006, pamoja na kazi za vikundi, bungua bongo na majaribio kwa vifaa vya mazingira.

Mtihani haukuufuata. Mwaka 2012 darasa la saba walianza kujibu kwa kuchagua herufi, hata katika Hisabati, miaka sita baada ya kuambiwa kwamba njia ya kufikiri ndiyo muhimu. Maswali ya kuonyesha njia yalirudishwa baadaye. Mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa, na simlaumu, hasa tangu ada ilipofutwa na darasa lililokusudiwa watoto 45 likafurika.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi darasa la sita, badala ya la saba, mwaka 2027. Karatasi watakayowekewa mezani ndiyo itakayowaambia walimu wa Sombetini kama safu ile ya pili inahesabiwa.